Mkanda wa Tano

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Daftari jipya, kurasa mia moja na ishirini. La zamani limejaa mipango ambayo watu hawakuipa nafasi. Nimehamishia humu utepe wangu wa kuwekea alama ukurasa: mweusi, urefu wa shubiri moja, una vitobo vidogo pembeni. Ndicho kipande pekee kilichobaki cha mkia wa tiara yangu, ile ya karatasi niliyoirusha nikiwa na miaka tisa ikazipita tiara zote za mtaa. Kila daftari naanza nao. Mtu lazima akumbuke alikotoka.

Habari ya leo. Bibi Mwenye Jumba, mmiliki wa sinema, ametangaza kwamba jumba linatimiza miaka hamsini. Jumamosi ya tarehe 15, saa kumi alasiri, litaonyesha filamu yake ya kwanza kabisa, Mlango wa Uani, kwa mashine ileile ya zamani. Baada ya hapo mashine inang'olewa, inawekwa mpya.

Mji mzima unaijua Mlango wa Uani na hakuna anayeijua. Ni habari ya familia inayoficha jambo. Binti mdogo alikufa zamani, nyumbani wanasema ni homa. Kaka yake, sasa mtu mzima mwenye ndevu, anarudi kutoka mbali na kuuliza. Mikanda ni saba. Mwisho wa mkanda wa nne wamekaa mezani, mama anaweka kijiko chini, anasema "Mwanangu," basi. Mkanda unaofuata ni wa sita: wote wanalia, na yule kijana amemkumbatia baba yake. Mama alisema nini? Mkanda wa tano haupo. Ulipotea miaka thelathini na miwili iliyopita mikononi mwa fundi wa mashine, na nakala nyingine haikupatikana popote.

Fundi huyo ni baba yangu.

Alifukuzwa wiki ileile. Mbele ya marehemu mume wa Bibi alisema sentensi moja, "Umepotea mikononi mwangu," hakutia wala hakutoa. Tangu hapo anatengeneza vyerehani kibarazani kwetu na hajakanyaga sinema. Watu wamemwuliza mara mia yule mama alisema nini mezani. Yeye ndiye aliyeuendesha mkanda huo mpaka akaujua kwa moyo. Jibu lake ni moja: "Sikumbuki."

Jumamosi hiyo mashine ataiendesha Shemeji, mume wa dada yangu, ambaye ndiye meneja. Shemeji akigusa mkanda, unakatika. Akiuunga, unaungua.

Nimekata shauri. Nitamfichua mwizi wa mkanda wa tano kabla ya tarehe 15. Jina la Baba litasafishwa. Baba ataendesha mashine kwa mara ya mwisho. Mimi nitakaa safu ya mbele, katikati, na Shemeji atanipisha.

Mama amenikatia karatasi za kuchorea herufi za bango, kama kawaida. Mimi ni mchora mabango, nina miaka arobaini na mmoja, na sijawahi kushika mkasi ndani ya nyumba hii. Mkasi unakaa kwenye sanduku la Mama na ufunguo unakaa shingoni mwa Mama. Anapenda sana kunisaidia kazi.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nimeanza uchunguzi kwa walio karibu. Dada alipita asubuhi, kwa hiyo kwenye chai tulikuwa wanne. Nikatangaza nia yangu huku nikimwangalia kila mmoja usoni, kalamu mkononi.

Matokeo, kwa mpangilio wa kukaa:

Dada alipaliwa na chai.

Baba hakuinua macho. Alikuwa na bisibisi na kichwa cha cherehani mapajani. Alisema, "Acha jambo lilale."

Mama alisema, "Mwanangu," halafu akainuka kwenda kuangalia sufuria. Hakukuwa na sufuria motoni.

Dada alipopata pumzi aliniuliza rangi imenipanda kichwani au vipi. "We mdogo wangu, miaka yote hii unakula, unalala, mabango yako yanapendeza. Nini kinakuwasha?" Nikamjibu kwamba kinachoniwasha ni haki. Akamtazama Mama. Mama akamtazama Baba. Baba akaitazama bisibisi.

Wote watatu wameshtuka. Uamuzi wangu: wanamjua mwizi, na wanamwogopa. Ni mtu mzito. Ndiyo maana wazee wangu wamefunga midomo muda wote huu. Inaumiza kuona familia inavyoweza kutishwa.

Sitatishwa mimi.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Ushahidi wa maandishi umepatikana, kwa gharama ya mgongo wangu.

Stoo ya sinema ina daftari kubwa la kumbukumbu za mikanda. Ufunguo anao Shemeji, kwenye mkufu, kiunoni. Kumwomba Shemeji ni kujidhalilisha. Kwa hiyo niliegemeza ngazi yangu kwenye dirisha la nyuma nikaanza kuipaka rangi fremu ambayo hakuna aliyeniagiza niipake. Nilipofika juu nikajitumbukiza ndani.

Daftari nililikuta rafu ya tatu. Agosti ya mwaka ule, tarehe 2, kwa mwandiko wa Baba: "Mlango wa Uani, mkanda wa tano, umechanika mara mbili. Nimeuchukua nyumbani kuuunga." Chini yake, kwa mwandiko mwingine, kalamu nyekundu: "Haukurudi."

Hesabu ni rahisi. Mkanda ulitoka sinema na Baba. Haukurudi. Kwa hiyo uliibiwa njiani, kati ya sinema na nyumbani kwetu.

Agosti ile naikumbuka vizuri. Ndiyo Agosti ya tiara yangu. Upepo ulikuwa mkali, nami nikaitengenezea mkia mweusi unaong'aa, mrefu kuliko wowote uliowahi kuonekana, na uliobaki nikawagawia watoto wote wa mtaa. Nilikuwa na moyo huo tangu mdogo. Tiara kumi na tano angani, zote mikia yake inameremeta. Baba alitoka mlangoni, akasimama akiitazama yangu kwa muda mrefu sana. Akaingia ndani. Najua alijisikia fahari, ingawa ndiyo kwanza alikuwa amepata matatizo kazini.

Nikiwa bado nasoma, Shemeji akafungua mlango. Nikamwambia nimekuja kupaka rafu rangi. Akasema rafu hazijawahi kupakwa rangi. Nikasema ndiyo maana. Akaleta kiti, akakaa, akanitazama nikipaka rafu zote nane, mbele na nyuma, mpaka saa kumi na moja.

Wakati natoka aliniambia, "Shemeji, ukitaka kujua kitu si uulize tu?" Nikamwuliza nani aliiba mkanda wa tano. Akasema yeye hajui lolote, akafunga mlango. Huyo ndiye Shemeji: anakukaribisha kwake halafu anakuacha uwanjani.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Kati ya sinema na kwetu kuna duka moja tu lililokuwepo wakati ule. Ni la Kinyozi. Na Kinyozi ana ukanda mweusi, unaong'aa, umetundikwa ukutani, wa kunolea wembe. Miaka yote nimeuona nisiutilie maanani.

Kuna jambo la pili. Kinyozi ndiye anayeongoza mjini kwa kudai anajua yule mama alisema nini mezani. Yeye husema alimwambia kijana kwamba baba huyu si baba yake. Kila mteja lazima aisikilize. Mtu anajuaje asichokiona, kama hana mkanda wenyewe?

Nikaenda kunyoa ndevu. Mpango: yeye ananinyoa, mimi namvuta kwa maneno mpaka ajikwae. Alipomaliza shavu la kulia nikaona wakati umefika. Nikamwuliza Agosti ya mwaka ule alikuwa wapi. Akasema hapahapa. Nikamwuliza ukanda ule aliutoa wapi. Akasema ni ngozi ya ng'ombe. Nikasema tutaona, nikaunyakua, nikaunyoosha kwenye mwanga.

Ni ngozi ya ng'ombe.

Kinyozi alifuta wembe taratibu, akaukunja. Akasema amewanyoa walevi, wagomvi na bwana harusi aliyezimia, ila hajawahi kuitwa mwizi na mtu aliyejaa povu. "Nenda kamalizie kwenu. Na ukifika, mwambie baba yako nimekusamehe kwa ajili yake." Wateja wawili waliokuwa wakisubiri walicheka mpaka mmoja akatoka nje kukohoa.

Nimerudi nyumbani na nusu ya ndevu. Kinyozi nimemwondoa kwenye orodha. Ukanda wake nimeupa alama ya kuuliza, kwa tahadhari.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Siwezi kwenda kazini na uso wa watu wawili. Nikamwomba Mama mkasi nipunguze. Akasema umepotea. Ufunguo wa sanduku ulikuwa shingoni mwake wakati akisema. Uzee unaanza kumchezea akili, maskini.

Baba alitusikia. Akaleta beseni na wembe wake wa zamani, akaniketisha kibarazani kati ya vyerehani. Ana miaka sabini na minne. Mkono hautetemeki hata kidogo. Ananyoa kama anavyofunga skrubu, polepole, bila kurudia.

Katikati ya kazi akaniuliza kwa nini nahangaika hivi. Nikamwambia ukweli: nataka aendeshe mashine Jumamosi ijayo. Wembe ukasimama chini ya kidevu changu. Kwa mbali, kutoka sinema, Shemeji alikuwa akiijaribu mashine. Ilisikika ikikereza, kisha ikakwama, kisha ikakereza tena. Baba alisikiliza mpaka mwisho.

"Inavuta kushoto," akasema. "Inataka kusukumwa kidogo na kidole gumba, kila mkanda ukifika nusu. Shemeji yako hajui."

Nikamwambia amfundishe basi. Akasema haruhusiwi kuingia. Nikamwuliza, je, akiruhusiwa? Alipomaliza alisuuza wembe, na nikaona kidole gumba cha mkono wake wa kulia kikisukuma hewa, kidogo, upande wa kulia.

Sasa nimepania kufa kupona.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Mbinu za siri zimeshindwa. Nimekwenda hadharani.

Nilikuwa na kazi ya bango la maadhimisho mbele ya sinema. Nikaongeza bango la pili, chini yake, herufi nyekundu za urefu wa mkono: NANI ALICHUKUA MKANDA WA TANO? ANAYEJUA ASEME. Mama alinikatia herufi zote bila kuuliza neno lenyewe litakuwa nini. Alipofika kwenye alama ya kuuliza aliniuliza, nikamwambia ni ya tangazo la sabuni.

Kufikia saa nne uwanja ulijaa. Nilisimama pembeni na daftari, nisome nyuso. Jambo la ajabu: kila mtu alisoma bango, kisha akanitazama mimi. Wanawake wawili walishikana mabega. Mzee mmoja alivua kofia. Naona wanaheshimu ujasiri.

Fundi cherehani wa jirani, ambaye tulikua pamoja, alinivuta kando. "We, bwana, si wewe uliyetugawia mikia ya tiara mwaka ule?" Nikasema ndimi. "Ile mieusi?" Nikasema ileile. Akanikazia macho, kama mtu anayesubiri maji yachemke. Nikamwambia asinibadilishie mazungumzo, hapa tunatafuta mwizi. Akanipigapiga bega, akarudi kwenye duka lake akitikisa kichwa. Ni mtu mwema, ila akili yake inarukaruka.

Mchana Dada alikuja mbio na kanga begani, akapanda ngazi yangu mwenyewe kulishusha bango. Nikamkataza. Akasema, "Unamwua Baba, unajua?" Nikasema namwokoa. Akakaa kwenye kipago cha tatu cha ngazi akalia, halafu akaanza kucheka, halafu akalia tena. Shemeji alikuja kumchukua. Aliniambia Bibi Mwenye Jumba amesoma bango na anataka kuniona keshokutwa saa tatu, ofisini.

Hatimaye.

Jumatano, tarehe 12 Machi

Nitaandika kwa utaratibu, maana siku hii itakumbukwa.

Ofisi ya Bibi iko ghorofani, nyuma ya chumba cha mashine. Ina meza, viti viwili, dirisha moja kubwa, na picha ya marehemu mumewe. Bibi mwenyewe ana miaka themanini kasoro. Hakunikaribisha kiti. Alisema bango langu limemtonesha kidonda. Miaka thelathini na miwili amekuwa akiamini baba yangu aliuuza mkanda ule kwa jumba lingine. "Tulikula naye meza moja," akasema. "Mume wangu alimwita ndugu. Angesema tu kimetokea nini. Hata kama ameuchoma. Alinyamaza, akatuacha tuwaze mabaya. Mume wangu alikufa akiwaza mabaya."

Nikamwambia Baba hakuuza kitu, na ninao ushahidi. Nikafungua daftari hili mezani kwake kumwonyesha orodha ya washukiwa. Utepe wangu ukaanguka.

Bibi aliuokota. Akauzungusha vidoleni. Akaniuliza nimeutoa wapi. Nikamweleza kwa furaha habari ya tiara, mkia, upepo, mtaa mzima. Akaniuliza tena, utepe wenyewe niliupata wapi. Nikasema ulikuwa chini ya kitanda cha wazee wangu, kwenye kopo la bati, mwingi sana, umezungushwa vizuri, hakuna aliyekuwa akiutumia.

"Ulikuwa na miaka mingapi?"

Tisa.

"Na uliukata kwa kitu gani?"

Kwa mkasi wa Mama.

Akainuka akaenda dirishani. Akaushika utepe juu, kwenye jua, akasogeza macho karibu. Alikaa hivyo muda mrefu hata nikadhani amenisahau. Halafu akakaa chini, polepole, kama mtu aliyetua mzigo na hajazoea kuwa mwepesi. Akaniuliza kama baba yangu amewahi kuniambia lolote kuhusu utepe huu. Nikasema kamwe, ila aliitazama tiara yangu kwa fahari. Akasema, "Bila shaka."

Nilitaka kuendelea na mshukiwa wa nne lakini alichukua fimbo yake, akatoka. Nikamfuata. Alishuka ngazi, akavuka uwanja, akapita kwa Kinyozi, akaenda moja kwa moja mpaka kibarazani kwetu. Hajafika hapo tangu nikiwa mtoto. Baba alisimama, bisibisi mkononi. Bibi akamwonyesha utepe.

Kwa mara ya kwanza maishani niliona bisibisi ikianguka kutoka mkononi mwa Baba.

Bibi akasema, "Mzee mwenzangu. Kwa hili?" Baba akasema, "Alikuwa mtoto, Bibi. Angelibeba mpaka uzeeni." Sikuelewa nani alikuwa mtoto. Nadhani walikuwa wakizungumzia mumewe, kwamba alikuwa na hasira za kitoto. Nilipotaka kuingia, Mama akaniomba nikamletee maji ya kisimani. Tuna bomba. Nikamkumbusha. Akasema anataka ya kisimani.

Niliporudi na ndoo walikuwa wanakunywa chai, wote watatu, macho mekundu, na Baba alikuwa akionyesha kwa kidole gumba jinsi mashine inavyovuta kushoto.

Alhamisi, tarehe 13 Machi

Ushindi. Baba ataendesha mashine Jumamosi. Bibi amemwomba mwenyewe, mbele ya watu, na amesema jina lake ni safi na lilikuwa safi siku zote.

Hoja zangu zimemshinda. Sijui ni ipi hasa, maana hakunipa nafasi ya kumaliza, lakini mtu mwenye akili huona mbali.

Ametoa sharti moja: mimi nisiingie chumba cha mashine, wala nisishike kopo lolote. Naelewa. Mchunguzi akiingia mahali pa tukio, watu watasema ameharibu ushahidi.

Utepe wangu hakunirudishia. Alimpa Baba, Baba akautia mfukoni mwa shati, upande wa moyo. Nilimkumbusha kwamba ni wangu. Akasema, "Ndiyo, mwanangu. Ni wako," na hakuutoa.

Dada amenikumbatia bila sababu. Shemeji amenipa mkono. Kinyozi amemalizia ndevu zangu bure na hakusema neno lolote lenye makali. Wote wananiangalia kama mgonjwa aliyeamka. Umaarufu una mambo yake.

Jumamosi, tarehe 15 Machi

Jumba lilijaa mpaka kwenye ngazi. Safu ya mbele, katikati: mimi. Kushoto Mama, kulia Dada. Shemeji alisimama mlangoni. Nilimwinamishia kichwa kidogo, asione namringia.

Mashine ilikereza mara moja tu, kisha ikatulia kama cherehani kilichotiwa mafuta. Mikanda minne ilipita bila kukatika. Sijawahi kuona jambo hilo hapa. Watu walianza kugeuka kukitazama kidirisha cha chumba cha mashine.

Mkanda wa nne ukafika mezani. Mama yule akaweka kijiko chini. Akasema "Mwanangu." Kitambaa cha kuonyeshea filamu kikawa cheupe.

Taa hazikuwashwa. Halafu kutoka kwenye kidirisha, juu nyuma yetu, tukasikia sauti ya Baba, bila kipaza sauti, kavu, kama anasoma orodha ya vipuri. Alisema maneno ya yule mama:

"Mwanangu. Dada yako hakufa kwa homa. Siku ile mlango wa uani uliachwa wazi, akatoka, akaenda mtoni. Wewe ndiye uliyeuacha. Ulikuwa na miaka minne. Baba yako aliwaambia watu wote kwamba ni yeye. Walimtukana, akakubali. Tulikubaliana usijue, mpaka uwe mkubwa. Halafu ukawa mkubwa, na tulikuwa tumezoea kunyamaza."

Akaongeza kwamba hapo kijana anauliza kwa nini, na baba yake anajibu: "Mimi nilikuwa na mabega. Wewe ulikuwa na tiara."

Mkanda wa sita ukaanza. Wote kwenye kitambaa walikuwa wanalia, na wote kwenye viti pia. Mama alinishika mkono wa kushoto, Dada wa kulia, wakanibana mpaka vidole vikafa ganzi. Nami nililia. Sijui ni kwa nini hasa. Nadhani ni mwigizaji, alikuwa hodari.

Filamu imekamilika sasa, ila nina lawama moja, na nimemwambia Mama tulipokuwa tunatoka. Yule kijana ni bwege. Mtu anaota ndevu, anasafiri, anarudi, na hajagundua baba yake amebeba kosa lake miaka yote hiyo? Kila mtu nyumbani anapaliwa na chakula akiuliza swali, na haoni? Ningekuwa mimi ningejua siku ya kwanza.

Mama alisimama katikati ya ngazi, akaniangalia. Midomo ikafunguka. "Mwanangu," akasema.

Nikasubiri.

"Angalia ngazi," akasema.

Jumapili, tarehe 16 Machi

Kinyozi ameifunga nadharia yake rasmi. Anasema yake ilikuwa nzuri zaidi.

Bibi amefika na gari. Ameleta kopo la bati na kumkabidhi Baba kwa mikono miwili. Ni mkanda wa tatu wa Mlango wa Uani, umechanika pembeni, Baba auunge nyumbani kisha mikanda yote sita ipelekwe kunakiliwa. Alisema hakuna mikono mingine anayoiamini. Baba alilipokea kama mtu anayepokea mjukuu. Limewekwa chini ya kitanda, penye baridi.

Nimebaki na jambo moja ambalo halijaisha: mwizi. Kila mtu amefurahi na hakuna tena anayeuliza nani alichukua mkanda wa tano. Nimejaribu kulirudisha bango. Dada amelifanya mbao za banda la kuku.

Jumanne, tarehe 18 Machi

Daftari halifai bila alama. Mara mbili leo nimefungua ukurasa usiofaa na kusoma mambo ya Kinyozi, nikaharibikiwa siku. Utepe wangu Baba hautoi mfukoni, hata akilala.

Asubuhi nilipokuwa natafuta kandambili zangu niliinama chini ya kitanda cha wazee. Nikafungua lile kopo, kuangalia tu. Ndani kuna utepe mweusi wa aina ileile, unaong'aa, una vitobo pembeni, umezungushwa vizuri, mwingi sana. Kipande cha shubiri hakitaonekana. Tena bora nikate viwili, kimoja cha akiba.

Mama amesema mkasi umepotea. Sikubishana. Nimekwenda kwa fundi cherehani nikaazima wake, ule mkubwa wa kukatia suti. Alipouliza wa nini nikasema wa kukatia herufi. Alinitolea macho pima, ila alikuwa na mteja.

Sasa ninao mfukoni. Kilichobaki ni Mama. Amekaa juu ya kitanda tangu saa tatu, miguu imening'inia mbele ya kopo, hataki chai, hataki kupunga upepo nje. Dada amekuja kumpokea zamu na Shemeji yuko mlangoni na kiti chake. Watu wa kwetu wakichoka wanachoka pamoja.

Si neno. Mimi ni mtu wa subira.